Tope la Jaruba la Nakiete

Shina la mpunga lilinifikia Jumatano asubuhi, limeviringishwa kwenye kipande cha khanga kilicholowa maji. Ndege ya posta, ile ndogo isiyo na rubani, ililitua juu ya paa la stoo ya skimu yetu ya umwagiliaji, mahali inapotua dawa za zahanati na barua za mahakama, ikapiga king'ora chake cha kipumbavu mara mbili, ikaondoka. Nilipanda ngazi nikilalamika peke yangu. Nilidhani ni vichujio nilivyoagiza tangu mwezi wa tatu.

Ndani ya khanga kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wa mwanangu Namkunda. "Baba, shikamoo. Huu ni wa jaruba letu la kwanza, pale maji yanapoingilia. Majaruba kumi na saba sasa yako hivi, yetu na ya majirani. Heriel aliweka chokaa kama bwana shamba alivyotuambia, ukapona wiki mbili, kisha ukazidi. Mama mkwe anasema ni kutu. Tazama uniambie."

Majani yalikuwa na rangi ya bati lililonyeshewa miaka kumi. Niliosha mizizi kwenye ndoo. Ilikuwa imevaa ganda jekundu, na mzizi mpya mweupe hata mmoja haukuwepo. Kisha nikafanya jambo ambalo marehemu mke wangu alikuwa akilifanya kabla ya kipimo chochote, nikaunusa. Ulinuka uchachu hafifu, kama togwa iliyokaa siku mbili. Harufu hiyo ninaijua kuliko harufu ya nguo zangu. Hapa Mahombe majaruba yote mia nne na kumi na mawili yananuka hivyo, na watu wetu wameipa jina, wanaiita harufu ya shibe.

Ila mpunga huu ulitoka Ngiriti, kilomita thelathini chini ya mto, ambako harufu hiyo haikutakiwa kuwepo kabisa.

Niliweka tone la maji ya mizizi kwenye kipimio cha mkononi, nikangoja. Dakika nne. Kioo kikaandika jina ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyelisajili: Chachu ya Mahombe, kizazi cha tatu. Nikarudia na tone jingine, nikarudia na la tatu, kana kwamba mashine ingenionea huruma. Halafu nikakaa juu ya gunia la pumba, mtu wa miaka sitini na moja, nikalia.

*

Udongo wetu wa Mahombe ni wa magadi. Ukilowa ni uji, ukikauka ni tofali. Chumvi ya magadi hukaa kati ya chembe za mfinyanzi na kuzitawanya, matundu yote yanaziba, maji yanasimama juu kama kwenye sahani huku mizizi inakufa kiu sentimita tano chini yake. Babu zetu walianza kuuona weupe kwenye matuta wakaupuuza. Baba zetu walimwaga jasi, malori kwa malori, mpaka machimbo yakabaki mashimo matupu. Sisi tulimwaga samadi, tukachoma pumba na kufukia mkaa wake, tukaosha na kuosha tena. Vyote vilisaidia kidogo, na kila mwaka mto uliokonda ulituletea magadi mengine. Miaka thelathini na moja skimu nzima haikutoa gunia la maana. Watu walikuwa wanapanda kwa sababu hawakujua kufanya kitu kingine.

Mke wangu Nakiete alikuwa na jaruba moja, la kwanza kabisa kutoka kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Mimi nilikuwa na maabara yangu ya mabati na digrii mbili, yeye alikuwa na ulimi. Alichota udongo kwa kidole, akaulamba, akaniambia mahali gani magadi yamezidi, kisha akanisubiri nipime na kumwambia jambo lile lile baada ya siku tatu. Alinicheka sana. Alipokuja kupata homa ya mapafu tulikuwa hatujapewa kibali cha chachu, na jaribio letu lote lilikuwa kwenye jaruba lake, futi kumi kwa kumi, limezungushiwa nailoni. Alikufa bila kuona suke lililojaa.

Chachu ni kiumbe hai kidogo mno. Huchangamka jaruba likijaa maji, hula majani makavu ya mpunga, na jasho lake ni tindikali laini. Chini ya mashamba yetu, nusu mita hivi, kuna vijiwe vya chokaa vikubwa kama punje za mahindi, vimelala huko tangu dunia iumbwe. Tindikali ile huviyeyusha, kalsiamu iliyomo inapanda, inakalia kiti cha magadi kwenye mfinyanzi, na magadi yanatoka na maji ya mtaro kwenda kukaukia kwenye bwawa letu la jua, yasimfikie mtu. Kazi hiyo inataka misimu mitano. Chachu ikifa katikati, magadi yaliyokwisha kung'olewa bila kuoshwa yanarudi kukaa, na safari hii yanakaa kwa hasira. Tulikuwa msimu wa tatu. Mavuno ya kwanza watu walipika wali mtupu, bila mboga, bila nazi, wakala hivyo hivyo, kwa kuwa hawakutaka kitu chochote kiwaharibie ladha yake.

Kibali kilisema chachu isivuke mtaro wa mwisho. Yenyewe ni dhaifu, ikikauka tu imekufa, kwa hiyo haisafiri kwenye mguu wa ndege wala kwenye jembe lililoanikwa. Jembe bichi lilioshwa kwa sabuni getini. Kanuni hiyo niliiandika mimi, na niliwahi kumfungia maji jirani yangu wiki nzima kwa kuivunja.

Kisha Namkunda akaolewa.

Kwetu binti anayeolewa kwenye kijiji cha mpunga haendi mikono mitupu. Mama yake huchota tope kwenye jaruba lake, pale maji yanapoingilia, akalifunga kwa majani ya mgomba, na binti hulimwaga kwa mkono wake kwenye jaruba la mumewe siku ya kwanza ya kupandikiza. Halitakiwi kukauka njiani. Wanawake husema likikauka, binti ataishi ukweni kama mgeni. Mama hakuwepo, basi kazi ya mama niliifanya mimi. Niliingia kwenye jaruba la Nakiete alfajiri ya siku ya harusi, nikachota tope jeusi laini, lenye uhai, tope ambalo mke wangu alilitamani maisha yake yote.

Nilijua kilichomo ndani yake, sitajificha nyuma ya kitu. Nililitia kwenye sufuria nikaibandika jikoni ili nilichemshe dakika ishirini, halafu nilifunge kama kawaida, na mtu asijue. Namkunda akaingia jikoni, amesukwa, hina haijakauka mikononi. Akaangalia sufuria, akaniangalia.

"Baba," alisema, "unampika mama?"

Niliipua sufuria. Nilijiambia hakuna hatari, kwani miaka miwili nyuma nilikuwa nimejaribu chachu kwenye vikombe vya udongo wa Ngiriti na ilikufa kwa siku tisa. Udongo wao ni mwekundu, wenye chuma kingi, hauna chokaa, na chachu bila chokaa huungua kwa tindikali yake yenyewe. Hivyo ndivyo vikombe vilivyosema. Jambo ambalo sikulifikiri mpaka Jumatano ile, nikiwa juu ya gunia, ni kwamba udongo wa vikombe niliuchekecha kwanza, kama tulivyofundishwa chuoni. Nilichekecha nikatoa mizizi, nikatoa majani, nikatoa na maganda ya konokono. Jaruba la kweli limejaa konokono, na ganda la konokono ni chokaa tupu. Chachu ilifika ugenini ikakuta karamu, ikazaa, ikazoea, na uchachu ulipozidi ukakiamsha chuma cha Ngiriti, kikaifunika mizizi kama kutu. Mama mkwe hakukosea. Na mkwe wangu maskini, Heriel, akaja na magunia ya chokaa akailisha.

*

Dawa ipo. Kibali kisingetolewa bila dawa. Inaitwa kizimio, iko kwenye chupa moja ndani ya kasha la chuma ofisini, na kasha lile linafunguka kwa viganja viwili tu kwa pamoja, changu na cha mwenyekiti wa skimu, Mzee Mndeme.

Nilimkuta kwenye jaruba lake anapalilia, maji kwenye magoti, shati limefungwa kiunoni. Ana miaka sabini na mitatu. Mpunga wake ulikuwa wa kijani kibichi mpaka macho yanauma.

"Bwana Udongo!" aliniita kwa mbali. "Njoo unione nilivyonenepa. Mke wangu kanikatalia suruali, anasema nizitoe kwa wajukuu."

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Mbona uso huo?"

Nilimwonyesha shina. Nikamweleza lote, la Ngiriti, la vikombe, la konokono. Alisikiliza huku akiendelea kung'oa magugu, moja moja, akiyakung'uta tope kabla ya kuyatupa kwenye tuta.

"Nani aliipeleka chachu huko?" aliuliza.

"Mimi. Kwenye tope la Namkunda."

Mkono wake ulisimama, ukaendelea.

"Haya. Mwaga hiyo dawa yako Ngiriti, watu wapone. Unakuja kwangu na uso wa msiba kwa nini?"

Nilimweleza na hilo. Kizimio ni kirusi, nacho ni kiumbe. Kinakula chachu tu, hakili kitu kingine, na kinazaliana kadiri kinavyokula. Hakifi kwa kukauka. Kinaweza kukaa kwenye kwato, kwenye jembe, kwenye unyoya, wiki nane kikisubiri maji, na sabuni yetu ya getini hakiijali. Mwezi ujao watu wa Ngiriti wangepanda kuja kwetu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya palizi ya pili, kama wanavyokuja kila mwaka na sisi kushuka kwao.

"Tufute msaragambo."

"Na wale ndege, yangeyange, Mwenyekiti? Asubuhi wako huko, mchana wako hapa wanakufuata nyuma ukilima."

Aliacha kung'oa magugu. Nilimwona anafika mahali nilipokuwa nimefika mimi.

"Kwa hiyo ukiimwaga huko, na yetu imekufa."

"Msimu huu huu."

"Na tusipoimwaga?"

"Ngiriti imekwisha. Maji yao yanatelemka jaruba hadi jaruba. Chini yao kuna vijiji sita mpaka ziwani, udongo wote ni mwekundu hivyo hivyo. Miaka minne, mitano."

"Misimu miwili, Kajiru," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuniita kwa jina langu. "Tumebakiza misimu miwili tupone kabisa. Tungoje hiyo miwili. Halafu ukamwage, na sisi tuko salama."

"Kwa misimu miwili itakuwa imefika kijiji cha tatu. Na nikimwaga wakati huo chupa moja haitafua dafu, itabidi—"

"Sijakuuliza mahesabu. Nimekuuliza kama tungoje."

Nilisema siwezi kungoja. Alikitazama kile kiganja chake chenye tope, akakitumbukiza majini.

"Toka kwenye maji yangu," alisema taratibu.

Nikatoka. Nilirudi ofisini nikakaa mbele ya lile kasha kama mjinga, nikiwaza kulikata kwa msumeno. Saa nane mchana mlango ukafunguliwa. Mndeme alikuwa amevaa viatu, shati safi, na fimbo mkononi.

"Lipakie," alisema. "Nataka nikaone kwa macho yangu. Siwezi kuua shamba kwa ajili ya kipande cha khanga."

*

Tulitelemka na guta la umeme la skimu, kasha limefungwa nyuma kwa mpira. Tulipoanza kuiona Ngiriti nilimsikia akivuta pumzi, na mimi nikaona heri nitazame barabara.

Kile kijiji miaka yote kilikuwa kinatutia wivu. Wakati sisi tunalima tofali, wao walivuna mara mbili. Sasa kuanzia kwenye banio lao palikuwa pameungua, doa kubwa la rangi ya kutu limetanda, na pembeni yake kijani kimeanza kuwa manjano. Hakukuwa na mtu wa kufukuza ndege. Hata kwerea hawakuwa na haja na masuke yale.

Mndeme aliteremka, akakata suke moja, akalisugua kwenye viganja na kupuliza. Lote likaruka. Mapepe matupu. Akakata la pili, akapuliza. Nadhani alijaribu matano au sita. Kisha akainama, akachota tope la jaruba la Heriel, akalinusa, kisha akalinusa tena, kwani hata yeye alikuwa anaijua harufu hiyo kama harufu ya chakula.

Namkunda alikuja anakimbia kwenye tuta, amejitanda khanga, tumbo limeanza kuonekana. Sikuwa nimeambiwa. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Baba Mkubwa. Jamani, si mngesema mnakuja! Heriel amekwenda kuomba kibarua cha kuvuna mkonge, atarudi Jumamosi. Karibuni, mama mkwe anawapikia."

Nilijua kinachopikwa. Katika nyumba ile mpunga uliobaki ulikuwa ule wa mwaka jana, na mgeni wa kutoka kwao binti hali ugali siku ya kwanza. Nilitaka kumwambia waache, lakini huwezi kusema hivyo ukweni kwa mwanao.

"Umejua ni nini, Baba?" aliuliza.

Nilikuwa na uongo tayari. Niliutengeneza njiani, wenye sura nzuri kabisa: ni chuma, mvua zimebadilika, haina uhusiano na mtu. Mndeme alikuwa ananitazama. Sijui kama macho yake yalisema mwambie au usimwambie. Ila Namkunda alinyooshea kidole pale maji yanapoingilia, mahali doa lilipoanzia, akasema, "Lilianzia hapa hapa. Nilipomwaga tope la—" na akakishusha kidole.

"La mama," alimalizia.

"Ni mimi niliyelichota," nilisema. "Ni mimi niliyejua kilichomo. Wewe hukujua."

"Ulikuwa unalichemsha."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unalichemsha, na mimi nikakuzuia."

"Mwanangu, mimi ndiye mwenye digrii. Wewe ulikuwa bibi harusi."

Hakulia. Afadhali angelia. Alisimama pale anautazama mkono wake wa kulia, ule wa kumwagia, akaanza kusema polepole kama anajieleza kwa mtu asiyemwona.

"Siku ile niliongea naye, Baba. Nilipokuwa namwaga. Nilimwambia, mama, huku ndiko ninakokaa sasa, usinisahau. Mama mkwe alinisikia, akaenda pembeni kunipisha."

Nilitaka kumshika, na sikumshika, kwani kwetu baba hamkumbatii binti aliyeolewa kwenye shamba la watu, na mila hiyo niliifuata vizuri sana siku hiyo, mimi niliyezishika zote pasipostahili.

"Kuna dawa?" aliuliza.

Nikamweleza. Nilianza na kirusi na wiki nane, nikaona ananisubiri nimalize ujinga huo, nikakatisha. "Ipo. Ikimwagwa hapa, mtapona. Msimu huu umekwisha kupotea, ila mwakani mtavuna. Lakini itapanda mpaka Mahombe, hakuna wa kuizuia, na huko itaua chachu yote. Magadi yatarudi."

"Yote?"

"Yote."

"Na jaruba la mama."

"Hilo ndilo la kwanza, liko kwenye banio."

Namkunda alimgeukia Mndeme. "Baba Mkubwa, nyumbani watu wanakula?"

"Wanakula, mwanangu."

"Mara ngapi?"

Mzee alikohoa. "Mara mbili. Watoto mara tatu."

Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, haraka haraka. Aliwahi kuishi Mahombe ile ya mlo mmoja, alikua nayo, na nadhani alikuwa anapita nyumba moja baada ya nyingine akilini mwake.

"Basi rudini na kasha lenu," alisema. "Nimeleta mimi huku, nitajua mwenyewe na watu wa huku. Tutahama. Heriel ana mikono, mkonge upo. Msiende kuwanyang'anya watoto wa nyumbani chakula mdomoni kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako," nilisema. "Kuna vijiji sita—"

"Baba, naomba urudi."

Sasa niseme kweli. Pale niliona mlango wa kutokea. Mwenye shamba amekataa. Mwenyekiti hakutaka tangu mwanzo. Ningeweza kulifunga kasha lile mpira, kula wali wa mama mkwe, kuondoka, na jaruba la Nakiete lingeendelea kuwa kijani. Nilifungua mdomo nikubali. Mungu anajua, nilikuwa nakubali.

Ni Mndeme aliyekwenda kwenye guta. Alilegeza mpira, akalishusha kasha chini kwa shida, akapiga magoti mbele yake kwenye tuta na lile shati lake safi, akafuta kiganja kwenye suruali, akakiweka juu ya chuma. Taa moja ikawaka.

"Mwenyekiti," nilisema, "mkutano je? Watu hawajaulizwa."

"Nikiitisha mkutano watakataa. Mimi ningekuwa wao ningekataa, tena ningekupiga." Hakuinua uso. "Nimelima tofali miaka thelathini na moja, Kajiru. Nimezika watoto wawili kwenye miaka hiyo. Najua mtu anaamkaje asubuhi akiwa na shamba kama lile. Nimekuja huku nikitafuta sababu ya kukukatalia, na mtoto huyu kanipa, nzuri kabisa, na nimeshindwa kuichukua. Kesho nitasimama mbele yao mimi. Wakitaka kunipiga nitakuwa pale. Weka mkono wako kabla sijabadili mawazo."

Nikauweka. Kasha likafunguka bila kelele yoyote. Chupa yenyewe ilikuwa ndogo kama ya soda, maji yake hayana rangi wala harufu.

Nilianza kuvua viatu niingie. Namkunda alikuwa ameshaingia. Alisimama majini pale maji yanapoingilia, amepandisha khanga, mkono ameunyoosha kwangu.

"Niachie mimi," alisema.

Nilimpa. Mpaka leo sijajisamehe. Ilikuwa kazi yangu, makosa yangu, na chachu yangu, na nikamwachia mtoto mjamzito akamzike mama yake mara ya pili. Aliifungua kwa meno. Aliimwaga taratibu, akiizungusha kama tunavyozungusha tope, mpaka tone la mwisho. Midomo yake ilikuwa inacheza. Safari hii tulisogea pembeni sisi, mimi na Mndeme, tukampisha.

Hakukuwa na kitu cha kuona. Maji yalibaki maji. Mama mkwe alitoka mlangoni akatuita kula, akaona jinsi tulivyosimama, akarudi ndani.

Namkunda alipotoka majini alinirudishia chupa tupu.

"Jaruba la mama litakufa lini?" aliuliza.

"Kabla mpunga haujashika mimba. Wiki sita, saba."

Alihesabu vidole, akajipangusa miguu kwa khanga, mmoja, halafu wa pili.

"Mkiona limeanza, nipigieni simu siku hiyo hiyo," alisema. "Msinifiche kwa sababu ya hali yangu. Nitakuja kulia."

Ni Mndeme aliyejibu, huku amelishika kasha tupu kifuani.

"Uje na nguo za kutosha, mwanangu," alimwambia. "Tutakaa sana."